MAJINA YATABAKI KAPUNI, MIMI NATAKA IDADI! BABATI TUJENGEWE KITUO CHA UTAFITI WA UNGA

Haya wadau, nianze na nyie mnaopenda majina. Kila ikisikika kuna staa kaonekana Kinondoni, kakonda, meno yameisha, anaomba buku mbili kwa mashabiki waliokuwa wanamlipia kiingilio, swali linakuwa lile lile: "Nani huyo? Taja jina!" Mkikosa jina mnabuni. Mkishabuni mnagombana. Siku ya tatu mmehamia kwenye ndoa ya mtu mwingine.

Leo sitoi jina. La staa kapuni, la tajiri kapuni, la mheshimiwa nalo kapuni. Leo nauliza mimi, mjibu nyie: mwaka jana Watanzania wangapi wamekufa kwa kuzidisha unga? Sijauliza waliokamatwa wala kilo. Waliokufa. Nipeni namba.

Kimya, eeh?

Kilo tunazijua. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, DCEA, ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika operesheni ya Dar es Salaam na Iringa. Zile picha wote tuliziona, mzigo umepangwa mezani. Kazi nzuri, na mimi nilipiga makofi. Mzigo ulipimwa hadi kilo ya mwisho. Ila yule kijana aliyekutwa gesti asubuhi, povu mdomoni, mwili umeshapoa, nani alimpima? Aliandikwa wapi? Kilo ina mzani wake na mkutano wake wa waandishi wa habari. Marehemu hana hata mstari.

Halafu tunavyojua kuzika kwa uongo! Staa akifa ni "presha". Mtoto wa tajiri akifa ni "alianguka bafuni". Utingo wa lori akifa ni "pombe". Dada wa saluni akifa ni "kalogwa". Ukimuuliza mama mzazi pembeni anakwambia ukweli huku analia, halafu anakushika mkono: "Mwanangu, usimwambie mtu." Simlaumu. Aseme ukweli halafu shehe au mchungaji asuse mazishi? Aseme ukweli halafu binti mwingine akose mchumba? Familia inalinda heshima yake, hiyo ni haki yao. Lakini serikali haina aibu ya kuficha. Kazi yake ni kuhesabu.

Sasa nije nyumbani, Babati. Kuna mheshimiwa mmoja (nimesema kapuni, msinisumbue) ukimgusia habari hizi anakunja mdomo: "Huku kwetu Manyara hilo tatizo halipo. Hayo ni mambo ya pwani. Huku kuna gongo na mirungi tu." Mheshimiwa, shikamoo. Naomba nikuulize kwa adabu: halipo, au halijahesabiwa?

Maana tutazame ramani. Babati tumekaa njia panda. Barabara ya Arusha inaingia hapa, ya Singida inaingia hapa, na ya Dodoma yenye lami ya kilomita 251 ilizinduliwa mwaka 2018. Hii ndiyo ile Barabara Kuu ya Kaskazini ambayo tangu enzi za mkoloni watu waliota itoke Cape Town ifike Cairo. Malori yanalala hapa, mabasi yanasimama hapa. Arusha ina kliniki ya methadoni. Dodoma ipo nyingine, pale Itega. Kliniki hizo hazikuwekwa kwa urembo, ziliwekwa kwa sababu wagonjwa wapo. Yaani mnataka tuamini kete inapanda gari Arusha, ikifika Babati inafumba macho, inafumbua Dodoma? Haichungulii hata stendi? Jamani!

Hapa Mutuka kulikuwa na kijana, utingo. Hajawahi kuwa staa, picha yake haipo popote, kwa hiyo hamtampata hata mkitafuta. Alianzia kwenye kokteli, ile sigara ya bangi iliyonyunyiziwa unga, huko huko safarini. Baadaye akawa hawezi kuamka bila kuvuta. Arosto ikimkamata analia kama mtoto: mifupa inauma, tumbo linakata, kamasi zinatiririka, jasho na baridi kwa pamoja. Akakamatwa kwa kosa dogo, akakaa mahabusu miezi. Akatoka amenenepa, mama yake akachinja kuku. Wiki haikuisha wakamzika.

Hapa ndipo nataka mkae chini mnisikilize, maana watu husema "si alikuwa ameshaacha, shetani tu". Shetani hahusiki hapa. Mwili uliozoea unga unahimili dozi kubwa. Ukikaa miezi bila kuvuta, iwe mahabusu, iwe soba, iwe wodini, ule uzoefu unapotea. Mtu akirudia kipimo chake cha zamani, kinamuua. Heroini, mofini, tramadoli na ndugu zao wote wa jamii ya afyuni wanapunguza kasi ya kupumua. Dozi ikizidi, mtu anakoroma ajabu, mboni za macho zinakuwa kama ncha ya sindano, midomo inabadilika rangi, pumzi inakatika. Kwa kuwa anaonekana kalala, wenzake wanamwacha alale.

Kwa hiyo siku mtu anapotoka mahabusu au soba, ile siku tunayopiga picha na kuandika "Mungu mkubwa, karudi kwetu", ndiyo siku ya hatari kuliko zote. Watafiti wa nchi nyingi wamelionyesha hili kwa miaka. Sasa niambieni, nani hapa Babati huwaambia akina mama hivyo kabla hawajachinja kuku? Na wale mastaa wanaotoka soba kwa mbwembwe, wanapewa shoo wiki hiyo hiyo, bahasha mkononi, marafiki wa zamani nyuma ya jukwaa, nani huwaambia? Sisi tunakuwa bize kuhesabu like.

Na dawa ya kumrudisha mtu ipo! Inaitwa naloksoni. Unachoma sindano au unapuliza puani, inaisukuma afyuni itoke ilikojishikiza kwenye ubongo, mtu anaanza kupumua ndani ya dakika chache. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo tangu 2014 kwamba hata mtu asiye daktari, rafiki au ndugu anayeweza kukuta mtu kazidiwa, afundishwe na apewe. Miaka imepita mingi. Haya, nenda gesti yoyote ya stendi umuulize mhudumu kama amewahi kuisikia. Atakwambia wao huwa wanamwagia maji ya baridi. Mwingine atasema maziwa. Mtu hapumui, unamnywesha maziwa! Unamzamisha, ndugu yangu. Mlaze ubavu, mpulizie pumzi mdomoni kama haijirudii yenyewe, na kimbiza hospitali. Hilo lishikeni hata kama mengine yote mtayasahau.

Ndiyo maana nasema tunataka kituo cha utafiti wa unga, afyuni na ovadozi, na tunataka kijengwe huku. Kijengwe Mutuka, kata ya Mji wa Babati.

Najua mmeshaanza kucheka. "Utafiti? Si ndio zile semina za posho? Wazungu waje na madodoso, wapige picha na mateja, waondoke na udaktari wao, sisi tubaki na vumbi?" Hoja hiyo naiheshimu, maana tumeshaona tafiti za hivyo, maji ya chupa kwa wingi na majibu hakuna. Lakini kabla hatujatupa mtoto na maji ya kuogea, tukumbushane mambo mawili yaliyotokea nchi hii hii.

La kwanza Rufiji. Miaka ya mwisho ya 1990 watu walipita kaya kwa kaya wakihesabu vifo. Waliuliza ndugu: marehemu aliugua nini, homa ilianza lini, alikufaje. Wakakuta pesa za afya za wilaya haziendi kwenye magonjwa yanayoua watu wengi. Malaria ilikuwa inaua kuliko yote lakini mgao wake kidogo. Wakageuza bajeti ifuate vifo, wakaongeza vyandarua na matibabu ya watoto. Ndani ya miaka michache vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40. Hawakuanza na mashine za ajabu wala jengo la ghorofa kumi. Walianza kwa kuhesabu marehemu na kuwauliza waliowazika. Kumbe inawezekana!

La pili Dar es Salaam. Mwaka 2005 watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Marekani waliandika jambo ambalo hospitalini lilikuwa halijulikani. Dada anajidunga unga, anavuta damu yake mwenyewe kwenye bomba la sindano, anampa mwenzake asiye na hela ajidunge hiyo damu, kwa imani kwamba ina unga wa kutuliza arosto. Wenyewe waliita flashblood. Fikiria njia hiyo kwa virusi vya UKIMWI! Ni polisi gani angeligundua? Liligunduliwa na watu waliokaa mageto, wakasikiliza bila kupiga wala kuhubiri. Ushahidi wa namna hiyo kuhusu VVU kwa wanaojidunga ndio uliofungua mlango, na Februari 2011 Muhimbili ikaanza kutoa methadoni, kliniki ya kwanza ya umma ya aina yake Afrika bara, kusini mwa Sahara. Leo kuna watu wanafanya kazi, wana watoto wanaosoma, kwa sababu ya kikombe kile cha kila siku. Baadhi mnawasikiliza redioni bila kujua. Majina kapuni!

"Basi si kipo Muhimbili, Babati ya nini?" Swali zuri. Methadoni inanywewa mbele ya mhudumu, na mgonjwa anayeanza anatakiwa afike kila siku. KILA SIKU. Wa Temeke anapanda daladala. Wa Mutuka afanyeje? Arusha ni takriban kilomita 170, Dodoma ni 250 na ushee. Aende na kurudi kila siku ya Mungu, kwa nauli ya nani? Asipofika, arosto. Arosto ikija, kete. Hata dozi za kubeba nyumbani, wanaopewa ni wale waliokwisha kutulia kwenye tiba.

Kwa hiyo mji mdogo wa barabarani una maswali yake. Je, zahanati ya kata inaweza kutoa methadoni kwa usalama? Je, bodaboda na wahudumu wa gesti wakifundishwa naloksoni, wataitumia? Je, dereva wa lori anayelala leo Babati, kesho Singida, keshokutwa Kahama, atatibiwaje? Maswali hayo huwezi kuyajibu ukiwa umekaa Upanga. Ukitaka kujua maji ya ziwa Babati yana kina gani, hupimi Coco Beach.

Halafu msiniambie Manyara hatuwezi utafiti. Haydom, Mbulu, mkoa huu huu, kuna hospitali ya misheni iliyoanza miaka ya 1950. Imeshiriki utafiti wa nchi 8 kuhusu kuhara na utapiamlo wa watoto. Ule mradi wa uzazi salama uliofika hospitali 30 za mikoa 5, Manyara ikiwemo, ambao matokeo yake yalichapishwa 2025 kwenye jarida kubwa la tiba la Marekani, uliongozwa kutoka Haydom. Porini kule! Na hapa Babati vijijini, mradi wa Africa RISING ulifanya majaribio ya mahindi na mbaazi kwa miaka, watu wanapima shina kwa rula. Mbaazi imefanyiwa utafiti, mtoto wa mwenye shamba la mbaazi hajafanyiwa. Hilo haliwaumi?

Kuna wanaosema tusubiri tatizo likue ndipo tujenge. Sierra Leone walikuwa na mawazo hayo. Ilikuja dawa inaitwa kush, vijana wakaanza kuanguka barabarani. Mtaani wakasema imechanganywa na mifupa ya maiti, watu wakaanza kufukua makaburi. Aprili 2024 rais akatangaza hali ya dharura ya taifa. Ni vipimo vya maabara vilivyochapishwa 2025 ndivyo vilivyoonyesha kwamba karibu nusu ya sampuli zilikuwa na nitazini, dawa za kutengenezwa za jamii ya afyuni, kali kuliko heroini. Muda wote huo watu wanazika bila kujua wanachopigana nacho. Kwetu maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inapima vielelezo, lakini kipimo cha kielelezo kinakwenda mahakamani. Kama wiki hii kete ya stendi imechanganywa na kitu kikali kuliko kawaida, nani atamwambia muuguzi wa zamu usiku? Nani atawaambia maskani?

Marekani wanazika wengi kuliko sisi tunavyoweza kufikiria; mwaka 2022 pekee zaidi ya watu 100,000 walikufa kwa kuzidisha dawa. Mwaka 2024 namba ikashuka hadi kama 80,000. Bado ni msiba. Lakini waliona inapanda, wakaona inashuka, wanabishana imeshuka kwa nini. Sisi hatubishani kwa sababu hatuna cha kubishania.

Nisiposema ninachotaka, mtaniambia napiga domo. Nataka hivi:

Moja, daftari la vifo. Kila kifo cha ghafla cha kijana kwenye gesti, mahabusu, nyumbani au kando ya barabara, Babati nzima, kichunguzwe. Damu ipimwe, ndugu waulizwe kwa heshima, jina lifungiwe kabatini. Idadi ndiyo itoke hadharani kila mwaka, mchana kweupe, kama tunavyotangaziwa kilo.

Mbili, chumba cha kupima kilichomo kwenye kete, na majibu yapelekwe wodini na maskani siku hiyo hiyo, sio miezi mitatu baadaye.

Tatu, methadoni na naloksoni zitolewe pale pale, tena tangu siku ya kwanza. Hapa sina mjadala. Kituo kitakachochukua damu ya mtoto wa mtu na kumrudisha stendi bila tiba, mimi wa kwanza kusimama getini kukikataa.

Nne, mateja wenyewe na mama zao wakae kwenye kamati, wenye sauti na wenye kura, wasiwe wa kupigwa picha tu.

Na kwa nini Mutuka, kisiwe katikati ya mji? Kwa sababu mji wetu ni mdogo, kila mtu anamjua mama wa mwenzie. Weka kituo stendi uone kama kuna mtoto wa kiongozi atakanyaga. Mutuka ni mji na shamba kwa pamoja. Mtu atafika bila soko zima kumsindikiza kwa macho.

Hela? Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 inaruhusu mali za wafanyabiashara wa unga zitaifishwe. Nyumba zipo, magari yapo. Sehemu ya mali hiyo ijenge kituo. Aliyejenga ghorofa kwa pumzi za watoto wetu, ghorofa lake lirudishe pumzi hizo. Ila tukubaliane kabla: zisinunue gari la mkurugenzi wala kapeti, zianze na mtu wa kuhesabu na muuguzi wa zamu.

Kuna msemo unapendwa sana huku, "teja kajitakia". Sawa, tuseme kajitakia. Anayeendesha pikipiki bila helmeti naye kajitakia, lakini akianguka hapo Bonga tunamkimbiza hospitali na trafiki anaandika ajali. Mwenye sukari anayekunywa soda kajitakia, lakini kliniki yake ipo. Ni huyu mmoja tu tunayemwambia kajitakia hadi kaburini, na kaburini hatuandiki alichofia.

Madiwani wa Mji wa Babati, bajeti ijayo naomba mtu mmoja asimame aulize swali moja tu: mwaka huu kata yangu wamekufa wangapi kwa unga? Akijibiwa "hawapo", aombe aonyeshwe walivyohesabiwa. Akijibiwa "hatujui", hapo hapo ataje kituo. Na nyie wadau wa Mutuka, Bagara, Singe, Nangara, mlioko Arusha na Dar, diwani wenu mnamfahamu. Mpigieni simu kabla hamjaniandikia mimi.

Haya, komenti ziko wazi. Matusi ruksa kwangu, marufuku kwa marehemu. Na atakayeandika jina la mtu, nalifuta. Andikeni mtaa na mwaka, basi. Kama hakuna anayetuhesabia, tuanze wenyewe.